Sharia ya Kiislamu na haki za binadamu: je, mtu ana ruhusa ya kubadili dini?

Katika makanisa yetu ya mashariki, hasa upande wa Beni na Ituri ambako waumini wengi wameuawa, watu huuliza: je, sharia ya Kiislamu inaweza kupatana na haki za binadamu? Jibu la "ndiyo" au "hapana" halitoshi. Tufahamu kwanza maneno yenyewe, kisha tuangalie Sudan, nchi ambako jambo hili limegusa maisha ya watu.

Sharia ni nini?

Kwa Waislamu, sharia ni njia ambayo Mungu amewawekea wanadamu katika sala, saumu, ndoa, urithi, biashara na adhabu. Msingi wake ni Kurani na Hadithi, yaani mapokeo ya maneno na matendo ya Mtume Muhammad. Lakini ufafanuzi wake ni kazi ya wanachuoni, nao hawakubaliani katika yote. Wasunni peke yao wana madhehebu manne ya sheria: Hanafi, Maliki, Shafi na Hanbali. Kwa hiyo hakuna kitabu kimoja cha sheria kinachofuatwa na Waislamu wote. Nchi nyingi huitumia sharia katika mambo ya ndoa na urithi tu; chache huitumia pia katika adhabu.

Ibara ya 18

Tarehe 10 Desemba 1948, mjini Paris, Umoja wa Mataifa (ONU) ulipitisha Tangazo la Haki za Binadamu. Nchi 48 zilikubali, hakuna iliyopinga, na 8 hazikuchagua upande. Ibara ya 18 inampa kila mtu uhuru wa dini, pamoja na uhuru wa kuibadili. Neno hilo la kubadili dini liliikwaza Saudi Arabia, nayo ikawa kati ya zile 8. Lakini Misri, Iran, Iraq, Syria, Uturuki na Pakistan zilipiga kura ya kukubali. Waziri wa mambo ya nje wa Pakistan, Muhammad Zafrulla Khan, aliitetea ibara hiyo kwa kutumia Kurani yenyewe.

Mwaka 1990 nchi za Kiislamu zilikutana Cairo na kutoa tangazo lao. Ibara yake ya 24 iliweka haki zote chini ya sharia. Hapo ndipo penye fundo. Kwa Tangazo la 1948, mtu ana haki kwa sababu ni mtu. Kwa lile la Cairo, haki yake iliishia pale sharia ilipoweka mpaka.

Mfano wa Sudan

Wanachuoni wengi wa zamani walifundisha kwamba anayeritadi, yaani anayeuacha Uislamu, anastahili kifo. Wengine, hasa wa siku hizi, hujibu kwamba Kurani, katika sura ya Al-Baqara, aya ya 256, inakataza kulazimishana katika dini, na kwamba adhabu ile iliwahusu watu walioasi na kupigana na jamii.

Nchini Sudan mabishano haya yaligharimu uhai. Rais Jaafar Nimeiri alitangaza sheria za sharia Septemba 1983. Mahmoud Mohamed Taha, mwalimu Mwislamu aliyezipinga, alihukumiwa kuwa ameritadi, akanyongwa Khartoum tarehe 18 Januari 1985. Mwaka uliofuata, Nimeiri akiwa ameshapinduliwa, Mahakama Kuu ilifuta hukumu ile. Hata hivyo sheria ya jinai ya 1991, ibara ya 126, iliweka tena adhabu ya kifo.

Mei 2014 hukumu hiyo ilimwangukia Mkristo, Meriam Ibrahim. Baba yake alikuwa Mwislamu, lakini alilelewa na mama yake katika imani ya Kiorthodoksi. Alikataa kumkana Kristo, akajifungua mtoto gerezani akiwa na minyororo miguuni. Juni mahakama ya rufani ilimwachilia. Julai 2020 serikali ya mpito iliifuta adhabu hiyo, na badala yake ikafanya kuwa kosa kumtangaza mwingine kuwa kafiri.

Tuone jambo hili: aliyenyongwa alikuwa Mwislamu, na walioifuta sheria ile walikuwa Waislamu pia. Mwanafunzi wa Taha, profesa Abdullahi Ahmed An-Na'im, amefundisha miaka mingi kwamba dola isilazimishe sharia, kwa kuwa ibada ya kulazimishwa si ibada.

Na sisi Kongo?

Katiba yetu ya 2006 inasema dola haina dini, na ibara yake ya 22 inalinda uhuru wa dhamiri na wa dini. Ibara hiyo inamlinda Mkristo wa Beni na Mwislamu wa Kasongo, ambako Uislamu umekuwepo tangu karne ya 19. Tusichanganye jirani huyo na wauaji wa porini. Mei 2021, imamu aliyekuwa akiwakemea wenye siasa kali aliuawa kwa risasi ndani ya msikiti mjini Beni.

Lakini uhuru huu una pande mbili. Tunafurahi Mwislamu anapoomba ubatizo, na tunataka jamaa zake wasimguse. Je, kijana wetu akienda msikitini, tutamfukuza nyumbani na kumnyima urithi? Tukifanya hivyo, tutakuwa tumeikana haki ileile tuliyoidai kwa ajili ya Meriam. Tumwombee, tuzungumze naye, na mlango wa nyumba ubaki wazi.