UKIFIKA PENYE MACHOZI YA WATU



Ndugu zangu, mwaka wa 9 Hijria Mtume wetu (s.a.w.) alitoka Madina na jeshi kuelekea Tabuk. Njiani wakapita Al-Hijr, makazi ya Thamud, watu wa Nabii Salih (a.s.) walioangamizwa kwa dhuluma yao. Masahaba wakateka maji visimani na kukandia unga. Mtume akawaamuru wayamwage maji yale, unga wapewe ngamia, na wao wateke kwenye kisima alichokuwa akinywa ngamia jike wa Nabii Salih. Akawakataza kuingia makazi yale ila wawe wanalia. Kisha akajifunika kichwa, akaharakisha mpaka akalivuka bonde. Haya yamo katika Bukhari na Muslim.

Leo kutembelea mahali pa maafa ni utalii mkubwa. Watu huenda Auschwitz kule Poland. Huenda Gisozi, Kigali, walikozikwa zaidi ya watu 250,000 waliouawa mwaka 1994. Wapo wanaotoka wamebadilika, na wapo wanaotoka na picha tu.

Sasa jiulize: ikiwa penye athari za madhalimu hatuingii kwa kicheko, vipi mahali walipolia waliodhulumiwa?

Nasi tunapo mahali hapo. Soko la watumwa la Mkunazini, Unguja, lilifungwa Juni 1873, Sultani Barghash alipokubali mkataba na Waingereza. Penye soko pakajengwa kanisa la Anglikana, na nje yake leo kuna shimo lenye sanamu za watu wenye minyororo shingoni.

Muislamu akifika pale, akamsikia mtembeza wageni anavyoeleza, mara nyingi hukunja uso: "Wanatusingizia hawa." Ndugu yangu, ni kweli Wafaransa walinunua watumwa kwa mashamba ya visiwa vyao, na ni kweli wapo machifu wa bara waliouza watu. Lakini misafara mingi iliongozwa na watu wenye majina kama yetu, waliosali kama sisi. Nyumba ya Hamed bin Muhammad, Tippu Tip, iko Mji Mkongwe hadi leo.

Na Mtume (s.a.w.) alishatuonya, katika hadithi aliyoipokea Bukhari, kwamba Siku ya Kiyama Allah mwenyewe atakuwa hasimu wa mtu aliyemuuza muungwana akala thamani yake. Basi tusidhani tunautetea Uislamu kwa kumtetea dhalimu. Dhuluma ni dhuluma, hata akiifanya ndugu yetu.

Ukienda Mkunazini, shusha sauti, simu iweke mfukoni. Usiishie kuwahukumu waliokufa. Kumbuka yule binti wa kazi nyumbani kwako, ambaye huu mwezi wa tatu hujamlipa. Ukirudi, anza na yeye.

Ewe Mola, tusamehe tulipodhulumu, na utujaalie nyoyo zinazozingatia. Aamiin.

Mfikishie na mwenzako.