Namba Moja Ambaye Kompyuta Haikumwona

Leo naweka siasa pembeni. Nazungumzia tenisi, tena tenisi isiyo na jasho.

Kuna magemu ya mtandaoni ambayo raketi huigusi kabisa, wewe ni meneja tu. Unapewa kijana wa kubuni, unampangia mazoezi, unamwandikisha kwenye mashindano, unaangalia asichoke kupita kiasi, halafu kompyuta ndiyo inacheza mechi. Nimefuatilia msimu mzima wa gemu la aina hiyo, na kinachonirudisha kila wiki si mechi. Ni Jumatatu! Siku hiyo orodha ya viwango inahesabiwa upya, na kila meneja anakimbilia kuona kijana wake ni wa ngapi.

Orodha ndiyo gemu lenyewe. Namba yako inaamua utaingia mashindano yapi na utakutana na nani raundi ya kwanza. Pointi ulizopata wiki kama hii mwaka jana zinafutika, kwa hiyo ukikaa tu unashuka. Wote tunaikubali bila kuuliza, kwa kuwa imetoka kwenye kompyuta.

Utaratibu huu umeigwa kutoka tenisi ya kweli, na huko una tarehe ya kuzaliwa. ATP, chama cha wachezaji wa kiume, kilianzishwa mwaka 1972, na tarehe 23 Agosti 1973 kikatoa orodha yake ya kwanza ya kompyuta. Aliyeongoza ni Ilie Năstase wa Romania. Kabla ya hapo waandaaji wa mashindano walikuwa na sauti kubwa juu ya nani acheze, na mwenye jina la kujaza viti alikuwa na nafasi nzuri kuliko asiyejulikana. Kompyuta ikaletwa iwe dawa ya upendeleo, maana yenyewe haimjui mtu sura.

Lakini kompyuta inafanya kile ilichoambiwa. Miaka ile iliambiwa itafute wastani: pointi zako zote, gawanya kwa idadi ya mashindano uliyocheza. Chukua mfano wangu. Juma ana pointi 900 katika mashindano 15, wastani 60. Ali ana pointi 1,200 katika mashindano 24, wastani 50. Juma yuko juu, ingawa Ali ndiye amevuna zaidi.

Sasa mtazame Guillermo Vilas wa Argentina. Mwaka 1977 alitwaa mataji 16, yakiwemo ya French Open na US Open. Jimmy Connors wa Marekani hakupata taji hata moja kubwa mwaka huo. Alifungwa fainali ya Wimbledon na Björn Borg, na ya US Open na Vilas mwenyewe. Mwaka ulipoisha, namba moja alikuwa... Connors! Vilas alicheza mashindano mengi zaidi, na wastani haukumpenda. Wastani ulidumu hadi mwaka 1990, ulipobadilishwa ili yahesabiwe matokeo bora ya mchezaji.

Hiyo tunaweza kusema ni kanuni, na kanuni ilikuwa moja kwa wote. Kinachouma zaidi ni hiki: miaka ya mwanzo orodha haikutolewa kila wiki. Mechi zilichezwa, pointi zikapatikana, lakini wiki nyingine hakuna aliyezijumlisha. Mwandishi wa habari wa Argentina, Eduardo Puppo, akishirikiana na mwanahisabati wa Romania, Marian Ciulpan, walirudia hesabu za miaka ile kwa kanuni zile zile za wakati ule. Wakakuta kwamba kati ya mwaka 1975 na 1976 Vilas alistahili kuwa namba moja kwa wiki 7. Mwaka 2015 ATP ilikataa kubadilisha kumbukumbu zake.

Upande wa wanawake mambo yalikwenda tofauti. Mwaka 2007 chama chao, WTA, kilikiri kwamba Evonne Goolagong wa Australia alikuwa namba moja kwa wiki mbili mwaka 1976, ila kumbukumbu za wakati ule hazikuwa kamili. Heshima yake ilimfikia baada ya miaka 31.

Nakubali kwamba kukataa kwa ATP kuna hoja nyuma yake. Wachezaji walipanga ratiba zao kwa orodha waliyoiona, si kwa ile iliyokuja kuhesabiwa miaka 40 baadaye. Na kumpa Vilas wiki 7 ni kumnyang'anya Connors wiki hizo hizo. Hata hivyo mimi niko upande wa Puppo. Hakuna anayeomba kanuni igeuzwe ili kumfurahisha Vilas. Ombi ni kwamba hesabu iliyorukwa ifanyike. Kama WTA waliweza kwa Goolagong, hoja ya kwamba haiwezekani haina miguu.

Na sisi wa magazeti tumo humo. Namba ikishatoka tunaichapa kesho yake, na baada ya miaka inageuka historia. Puppo alifanya kazi ambayo wengi wetu tunairuka: aliuliza ni nani alihesabu, na wiki zipi hakuhesabu.

Nyinyi mnaonaje, Vilas apewe wiki zake au yaliyopita si ndwele?