Bunduki na Ala Yake

Mtu wa pwani afikapo Garissa hudhani ameiacha kutu nyuma yake. Nchi ni kavu. Mvua yake ni kama milimita 300 hadi 400 tu kwa mwaka. Lakini ukavu huo una hila. Mvua inyeshapo hunyesha kwa kishindo, na Mto Tana hufurika, kama ilivyokuwa katika mafuriko makuu ya mwaka 1961. Tena chuma hupoa usiku, na hewa yenye unyevu ikikigusa alfajiri hukitia jasho.

Jambo hili liliwahusu sana askari wa King's African Rifles, jeshi lililoundwa mwaka 1902, ambao watu waliwaita Keya. Katika Vita vya Pili vya Dunia, Garissa ilikuwa kituo cha majeshi ya Jenerali Alan Cunningham. Shambulio lao lilifanywa Februari 1941 ili kuyatangulia masika. Kismayu ikatwaliwa tarehe 14, na Mogadishu tarehe 25 ya mwezi uo huo. Katika safari kama ile, bunduki iliyoshikwa na kutu ni mzigo tu kwa aibebaye.

Mvua haikuwa adui wa pekee. Risasi za siku zile zilikuwa na fataki zilizoacha chumvi ndani ya mtutu, na chumvi huvuta unyevu. Mafuta peke yake hayakuiondoa. Ilipasa kuioshea kwa maji ya moto, kisha kukausha na kupaka mafuta. Ndiyo maana bunduki ya Lee-Enfield ilikuwa na tundu kitakoni, la kuwekea chupa ndogo ya mafuta na kamba ya kusafishia mtutu.

Adui mwingine alijificha katika ngozi. Ngozi iliyolainishwa kwa magome ya miti hubaki na uchachu ndani yake, nayo hunywa unyevu wa hewani wala haiuachi upesi. Bunduki ikilazwa miezi mingi ndani ya ala ya ngozi, kutu huanza pasipoonekana. Hata risasi zikiachwa katika mkanda wa ngozi, shaba yake huota kutu ya kijani. Wahenga walisema kweli: kikulacho ki nguoni mwako.

Waingereza walijifunza hayo kwa taabu. Baada ya Vita vya Makaburu vya 1899 hadi 1902, mikanda ya ngozi ilionekana haifai, na mwaka 1908 jeshi lao likachagua mikanda ya pamba. Lakini vita vilipozuka mwaka 1914 viwanda havikutosheleza haja, na ngozi ikarudi.

Dawa yake haikuwa kuitupa ngozi, bali kuitenga. Silaha husimamishwa mahali pake, imefutwa na kupakwa mafuta membamba. Ngozi hutundikwa kando, kivulini penye hewa, ikauke polepole. Moto na jua kali huipasua. Kisha hupakwa mafuta kidogo. Kasha likifungwa kabla vitu havijakauka, huufungia unyevu ndani pamoja navyo.

Vitabu vya historia huhifadhi majina ya majemadari. Lakini mbio za Februari 1941 zilitegemea pia askari asiyetajwa popote, ambaye alikuwa amechoka na kusinzia, na hata hivyo hakulala kabla ya kufuta mtutu wake na kuutoa katika ala.