Kutoka Kimbangu hadi leo: nani anaketi kwenye kiti cha hakimu Lubumbashi?

Tarehe 12 Oktoba 1951, mfungwa mmoja alifariki Élisabethville, mji ambao leo tunauita Lubumbashi. Jina lake Simon Kimbangu, na alikuwa amefungwa miaka 30. Mwaka 1921 mahakama ya kijeshi ya Wabelgiji, kule Thysville (leo Mbanza-Ngungu), ilimhukumu viboko 120 na kifo. Mfalme Albert wa Ubelgiji aligeuza adhabu ya kifo kuwa kifungo cha maisha, ndipo akaletwa huku Katanga, mbali sana na watu wake. Siku ya kesi hakuwa na avoka. Kati ya waliomhukumu hapakuwa na Mkongomani hata mmoja.

Kesi ilikuwa ya Bas-Congo, lakini ilimalizikia Lubumbashi, na maswali yake yangali hapa. Nani anaketi kwenye kiti cha hakimu? Nani anasimama kumtetea mtu? Na wote hao wanasema lugha gani?

Wakati wa ukoloni haki ilikuwa na milango miwili. Mlango wa kwanza ulikuwa wa mahakama za sheria iliyoandikwa: mahakimu Wabelgiji, lugha Kifaransa. Élisabethville ulikuwa mmoja wa miji miwili ya koloni yenye mahakama ya rufaa. Mwingine ulikuwa Léopoldville. Mlango wa pili ulikuwa wa mahakama za wenyeji, zilizopangwa kwa amri ya 15 Aprili 1926. Huko ndiko watu weusi walikopelekwa kwa mambo ya ndoa, mahari, madeni na urithi.

Katika mitaa ya Waafrika ya Élisabethville, iliyoitwa centre extra-coutumier, waliohukumu ni wazee weusi walioteuliwa, chini ya jicho la Mzungu wa serikali. Watu walieleza shida zao kwa Kiswahili na wakaeleweka. Lakini mji ule ulijaa watu wa kila upande waliofuata kazi ya migodi na reli: Waluba wa Katanga na wa Kasai, Wabemba, Walunda, Wasanga, Wasongye. Mume akitoka kabila moja na mke lingine, hukumu ifuate desturi ya nani? Mwaka 1933 hakimu Mbelgiji Antoine Sohier alianzisha hapa hapa jarida la kuchapisha hukumu za mahakama hizo. Lilikuwa kwa Kifaransa. Mama aliyeshinda au kushindwa kesi yake hakuweza kulisoma.

Basi mtu mweusi aliweza kuwa hakimu wa desturi, lakini hakuweza kuwa hakimu wa sheria iliyoandikwa, kwa sababu mlango wa masomo ulifunguliwa kwa kuchelewa. Chuo Kikuu cha Lovanium kilianza 1954, na kile cha Élisabethville 1956. Tarehe 30 Juni 1960 uhuru ulipofika, katika mahakama za sheria iliyoandikwa hapakuwa na hakimu Mkongomani hata mmoja. Wabelgiji wengi walikimbia, na Umoja wa Mataifa ukaleta mahakimu kutoka nchi nyingine, Haiti ikiwemo. Katanga ilikuwa na njia yake: ilijitenga tarehe 11 Julai 1960 mpaka Januari 1963, na Wabelgiji wengi walibaki kazini.

Mwaka 1961 Étienne Tshisekedi alimaliza masomo ya sheria Lovanium, wa kwanza kati ya Wakongomani, kisha akaongoza ENDA, shule ya taifa ya sheria na utawala. Mwaka 1968 Marcel Lihau akawa rais wa kwanza wa Mahakama Kuu ya nchi. Miaka minane tu ilikuwa imepita tangu uhuru. Lakini mwaka 1975 alikataa kuwapa adhabu kali wanafunzi walioandamana, na Mobutu akamfukuza. Hapo watu walijifunza jambo: haitoshi hakimu awe mwana wa nchi, lazima pia awe huru.

Kwa Katanga kulikuwa na kizuizi kingine. Mwaka 1971 vyuo vikuu viliunganishwa kuwa UNAZA, na masomo ya sheria yakawekwa Kinshasa. Mtoto wa Likasi au Kolwezi aliyetaka kuwa avoka alipaswa kuvuka nchi nzima. Jamaa isiyo na pesa iliachana na ndoto hiyo.

Wanawake walingoja zaidi. Sophie Kanza, Mkongomani mwanamke wa kwanza kupata shahada ya chuo kikuu, aliipata mwaka 1964. Kisha sheria ya jamaa ya 1987 ikaamua kwamba mwanamke aliyeolewa, mara nyingi, lazima apate ruhusa ya mume wake kabla ya kufungua kesi ya madai. Maana yake mwanamke avoka aliweza kutetea watu wengine siku nzima, lakini kwa mambo yake mwenyewe alihitaji ruhusa nyumbani. Sharti hilo liliondolewa mwaka 2016, ingawa Katiba ya 2006, kifungu cha 14, ilikuwa imekwisha kuahidi usawa wa wanawake na wanaume katika taasisi za nchi.

Leo mahakimu na maavoka wa Lubumbashi ni Wakongomani, wanaume na wanawake. Kitu kimoja kimebaki nyuma: lugha. Kifaransa ndicho lugha rasmi, na kanuni ya kesi za jinai inayotumika, hata ikiwa imerekebishwa, ni ile ya amri ya 6 Agosti 1959, Wabelgiji wangali wakitawala. Kiswahili ni lugha ya taifa, lakini karatasi ya hukumu inaandikwa kwa Kifaransa. Ng'ambo ya ziwa, Tanzania ilibadilisha sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama.

Jambo hili linagusa sana jamaa zilizokimbia vita, ziwe zimetoka Pweto, Mitwaba, Manono au Kivu. Mtu aliyepoteza nyumba, shamba na vitambulisho, akipoteza pia maneno mbele ya hakimu, anabaki na nini? Katiba haikumwacha mikono mitupu. Kifungu cha 149 kinasema haki inatolewa kwa jina la watu wa nchi. Kifungu cha 18 kinasema mtu akikamatwa lazima aelezwe mara moja sababu na mashtaka yake, kwa lugha anayoielewa. Kifungu cha 19 kinampa haki ya kusaidiwa na mtetezi anayemchagua.

Kimbangu hakupata mtetezi huyo. Mtu anayesimama leo mbele ya parke au hakimu na kusema, "Sielewi, nielezeni kwa Kiswahili," haombi msaada. Anadai haki yake.