Mti Mmoja Watosha



Krismasi ikaribiapo, wengi wetu hutwaa panga na kwenda kutafuta tawi la saipresi la kupamba nyumba au kanisa. Je, desturi hii ilitoka wapi?

Wengi husimulia kwamba Martin Luther ndiye aliyeianzisha, lakini hakuna maandishi ya siku zake yanayoshuhudia hivyo. Kumbukumbu iliyo wazi yatoka mji wa Sélestat, katika Alsace, ambayo leo ni sehemu ya Ufaransa. Daftari la hesabu la mji huo la mwaka 1521, mwaka uleule Luther aliposimama mbele ya Kaisari mjini Worms, laonyesha kwamba walinzi wa msitu walilipwa shilingi 4 ili wailinde miti tangu siku ya Mtakatifu Tomaso, tarehe 21 Desemba. Yaani watu walikuwa wakiikata kwa ajili ya sikukuu, hata ikabidi ilindwe. Mwaka 1561 mji wa Ammerschweier, huko huko Alsace, uliamuru kwamba mwenyeji asichukue zaidi ya mti mmoja, wala usizidi urefu wa viatu 8.

Tuione hekima yao. Hawakuikataza furaha, bali waliiwekea kipimo. Msitu ulikuwa wa wote. Kama kila mtu angekata apendavyo, jirani angekosa kuni na mbao. Nasi twasoma katika Kumbukumbu la Torati 20:19 kwamba Mungu aliwakataza Israeli kuharibu miti ya matunda hata walipouzingira mji wa adui. Ikiwa vita havikuwapa ruhusa, je, sikukuu itatupa sisi?

Kufikia mwaka 1605, watu wa Strasbourg walikuwa wakisimamisha misonobari nyumbani, wakiipamba kwa maua ya karatasi, matufaha na peremende. Baadaye katika karne hiyo, mhubiri wa Kilutheri wa mji huo, Johann Konrad Dannhauer, alilalamika kwamba watu walijishughulisha na mambo kama hayo kuliko Neno la Mungu. Aliuita mti huo mchezo wa watoto, akasema ni heri kuwaongoza watoto kwa Kristo, aliye mwerezi wa kiroho.

Wako ndugu wanaoukataa mti huu kwa sababu ya Yeremia mlango wa 10, unaotaja mti uliokatwa msituni na kupambwa kwa fedha na dhahabu. Lakini nabii alikuwa akinena juu ya sanamu za kuabudiwa. Tawi ukutani si sanamu. Hata hivyo, onyo la Dannhauer latuhusu: watoto wetu wakijua mapambo yote, na wasijue habari za hori la Bethlehemu, tumewapa nini?

Basi, wapendwa, tukikata, tukate kwa ruhusa ya mwenye shamba au ya walinzi wa msitu. Tuchukue kidogo, na mvua zijapo tupande miche. Na kabla ya kulipamba tawi, tukusanyike na watoto, tusome Luka mlango wa 2.

Bwana awabariki. Amina.