Ngome ya Mfalme katika Sataranji

Ninyi mchezao bao huko Kisarawe na Kibaha mwajua ya kuwa nyumba hulindwa tangu mwanzo. Lakini mfalme wa sataranji, yaani shaha, alichelewa kupata nyumba yake. Mchezo ulitoka Bara Hindi ukapita Uajemi na Uarabuni. Siku hizo waziri alikwenda hatua moja tu, tena kwa mshazari, na hatari ilikuja polepole. Karibu na mwaka 1500 watu wa Ulaya walimgeuza waziri kuwa malkia, awezaye kuvuka ubao wote kwa mwendo mmoja. Hatimaye shaha akaruhusiwa kwenda hatua mbili kuelekea ngome, nayo ngome ikae ubavuni mwake, na askari watatu mbele yake.

Adui akishambulia upande ule, wengi huwasukuma askari wale kwa hofu. Wilhelm Steinitz, bingwa wa dunia tangu 1886 hata 1894, alifundisha kinyume: askari asiyeondoka mahali pake ndiye ukuta imara. Basi mweke farasi karibu na shaha, na ukipata nafasi ya kubadilishana kete na washambulizi, ichukue. Adui aliyepeleka jeshi lake lote pembeni ameacha katikati wazi. Hapo ndipo pa kumpiga.