Kuhuisha au Kusasisha? Historia Fupi ya Tovuti za Halmashauri

Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi kazi ya kuandika katika tovuti za Serikali ilivyotoka mikononi mwa mafundi wa kompyuta ikawafikia watumishi wasio mafundi, na deni ambalo mabadiliko hayo yameiachia lugha yetu. Mifano yetu ni Kibaha na Kisarawe, mkoani Pwani.

Yafaa ieleweke kwamba tovuti haikuzaliwa ikiwa mali ya mafundi. Programu aliyoitengeneza Tim Berners-Lee huko CERN, Uswisi, mwaka 1990, ilimwezesha mtu kusoma na kuandika pia. Programu zilizoenea baadaye zilikuwa za kusomea tu. Aliyetaka kuandika ilimlazimu ajifunze alama za kompyuta. Mlango ulianza kufunguka tena mwaka 1995, Ward Cunningham alipoanzisha wiki, jina alilolitoa katika neno la Kihawaii lenye maana ya haraka. Mifumo iliyofuata ilitenganisha umbo la ukurasa na maneno yake: fundi hutengeneza umbo mara moja, mwandishi hujaza maneno kila siku.

Hapa kwetu hatua kubwa ilikuwa Machi 2017, zilipozinduliwa tovuti za mikoa 26 na halmashauri 185. Zilijengwa juu ya kiunzi kimoja cha Wakala wa Serikali Mtandao, ambao nafasi yake ilichukuliwa na Mamlaka kwa Sheria Na. 10 ya 2019. Maofisa habari na maofisa TEHAMA walifunzwa kuweka taarifa wenyewe. Ndipo Kisarawe na Kibaha zilipopata kurasa zenye vichwa vilevile: Mwanzo, Utawala, Madiwani, Machapisho, Kituo cha Habari. Kwa njia hiyo kiunzi kimoja kikawa msambazaji wa istilahi nchi nzima.

Lakini kazi yenyewe iitweje? Wengine husema kuhuisha, wengine kusasisha. La kwanza limetokana na hai, nalo limekwisha kuzoeleka katika kuhuisha leseni. La pili limeundwa kutokana na sasa, kwa kanuni ileile iliyotupa kutaifisha kutokana na taifa, na kuhakikisha kutokana na hakika. Anayehuisha leseni huiongezea muda, maneno yake yakabaki yaleyale. Anayesasisha tangazo hubadili maneno yenyewe.

Tofauti hii si ya wanalugha peke yao. Ofisa aliyeagizwa kuhuisha tangazo la nafasi za kazi aweza kulirudisha juu ya ukurasa pamoja na tarehe yake ya mwisho iliyokwisha kupita. Mwombaji wa Maneromango atalipa nauli hadi Kisarawe mjini, naye atarudi mikono mitupu.

Kwa hiyo twapendekeza kuhuisha kubakie kwa kilichokoma na kurudishiwa nguvu, na kusasisha kuwe kwa taarifa zinazobadilishwa ziafikiane na hali ilivyo. Mtumishi amekwisha kukabidhiwa kalamu. Ni wajibu wetu kumkabidhi na neno.